Hija ya Centocow: Je, Tupite Palipoungua?



Wapendwa, wengi wenu mmetuuliza baada ya Misa kama hija ya kwenda Centocow bado ipo. Swali ni la haki. Moto wa majira haya ya baridi umepita katika baadhi ya sehemu tulizokusudia kupita, na wapo walioona picha za vilima vyeusi kwenye simu wakaanza kutoa nguo kwenye mabegi. Kamati imekaa mara tatu juu ya jambo hili. Kilichotuchelewesha si kilomita wala mahema. Ni swali moja ambalo kwanza tulilichukua kama la ratiba, kumbe ni la dhamiri: je, tunayo haki ya kupita tukiimba na kusali rozari katika nchi ya watu ambao moto umewapitia juzi tu?

Kwa familia zilizojiunga nasi karibuni, tueleze kidogo. Tarehe 26 Desemba 1882, Padre Franz Pfanner na Watrapisti wenzake walianzisha monasteri ya Mariannhill, mwendo wa kilomita kama 20 kutoka hapa Berea. Kutoka pale walifungua misheni nyingine kuelekea bara, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa takriban mwendo wa siku moja kwa farasi kutoka nyingine: Reichenau mwaka 1886 kule kwenye mto Pholela, Mariathal karibu na Ixopo, na Centocow mwaka 1888 katika bonde la Mzimkhulu. Jina Centocow ni Częstochowa ya Poland, kama lilivyotamkwa huku kwetu, kwa heshima ya mfadhili wa Kipolandi aliyetoa fedha. Sikukuu ya Mama Maria wa Częstochowa ni tarehe 26 Agosti, na ndiyo maana tulikuwa tumepanga kufika siku hiyo, baada ya kutembea zaidi ya kilomita 150.

Jambo moja la Watrapisti hutufurahisha kila tunapolisimulia. Hawa walikuwa wamonaki wa ukimya. Kanuni yao iliwataka wasali, wafanye kazi na wanyamaze, lakini wakajikuta katika nchi ambayo kila siku mtu anabisha hodi, anataka shule, anataka dawa, anataka kufundishwa ufundi. Huwezi kumfundisha mtoto kusoma ukiwa umefunga mdomo. Mvutano huo haukuisha hadi mwaka 1909, Mariannhill ilipotengwa na Watrapisti ikawa shirika la wamisionari linalojitegemea. Kwa hiyo ukimya na jirani vimegongana katika njia hii tangu zamani.

Sisi nasi tulitaka ukimya. Barabara kuu ya Richmond hadi Ixopo ina malori ya magogo, na sehemu nyingi haina pembeni pa kutembea. Kina mama wenye watoto walikataa, na walikuwa sahihi. Tukachagua njia za vumbi: kupita kwenye mashamba ya miwa kuelekea Eston, kisha Richmond, kushuka bonde la mto Mkhomazi na kupanda tena, halafu kuingia kwenye misonobari na mikaratusi ya upande wa Ixopo na Donnybrook. Njia tulivu, magari machache, kivuli kingi. Bahati mbaya njia hizohizo ndizo njia za moto.

Tuliotoka Bukavu, Bujumbura au Kigoma tunaujua moto wa nyika, ila wa huku una tabia zake. Mvua ya KwaZulu-Natal ni ya kiangazi. Kuanzia Juni hadi Oktoba majani hukauka, huku juu baridi ya usiku huyaua kabisa, na zipo siku ambapo upepo wa joto hushuka kutoka Drakensberg kuelekea baharini. Siku kama hiyo, hapa Berea watu huvua sweta na kushangaa mbona Julai imekuwa Januari. Kule juu, wenye mashamba hawashangai. Wanatazama upeo wa macho. Sheria ya taifa ya mwaka 1998 kuhusu moto wa nyika na misitu inamtaka mwenye ardhi inayoweza kushika moto atengeneze mkanda wa kuuzuia kwenye mpaka wake, na hatari ya kila siku hutangazwa kwa rangi, kuanzia bluu hadi nyekundu. Siku ya nyekundu ni marufuku kuwasha moto wowote nje. Hata hivyo moto hutoroka. Mwaka 2024 wazima moto walikufa kazini eneo la Boston, kule Midlands, wakijaribu kuuzuia. Waliokufa walikuwa vijana wa watu, waliotoka nyumbani asubuhi kama wanavyotoka vijana wetu.

Tusiseme pia kwamba kila palipoungua ni msiba. Nyasi za huku zimezoea moto tangu kabla ya kuwapo mkulima yeyote. Mvua ya kwanza ikinyesha, kilima kilichokuwa cheusi hugeuka kijani kibichi kuliko kile ambacho hakikuungua. Wakulima wa miwa wenyewe huchoma mashamba kwa makusudi kabla ya kuvuna, na majivu yake sote tumeyafuta kwenye nguo tulizoanika. Msiba uko mahali pengine. Uko kwenye nyumba iliyoezekwa kwa nyasi, na kwenye boma la ng'ombe. Uko pia kwenye malisho ya Agosti na Septemba, maana ng'ombe aliyeponea motoni anaweza kufa kwa njaa akisubiri mvua, na kwenye miti ya biashara, ambayo ni ajira ya kijiji kizima kwa miaka mingi ijayo. Kwa hiyo tukiwa barabarani tunaweza kupita vilima viwili vyeusi vinavyofanana kabisa, kimoja kinangoja mvua tu, na cha pili ni maisha ya mtu yaliyokwisha, tusijue kipi ni kipi.

Kuhusu usalama tutasema kwa ufupi, maana hapo hapana mjadala. Msitu ulioungua ni hatari hata baada ya wiki kadhaa. Mti unaweza kusimama ukiwa umeliwa shinani, ukaanguka bila upepo. Kisiki na mizizi huweza kuendelea kuungua chini ya udongo, na anayekanyaga hapo huzama kwenye makaa. Mashamba ya miti yana wenyewe na yakifungwa yamefungwa. Hatutaruka lango la mtu kwa jina la Bikira Maria.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe.

Upo upande uliosema twende kama tulivyopanga, tena hasa kwa sababu pameungua. Walitukumbusha Namugongo. Wengi wetu tumekua tukisikia habari za mahujaji wanaotembea kutoka Kenya, Tanzania na pembe zote za Uganda ili wafike pale tarehe 3 Juni. Wanatembea kwenda mahali pa moto. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa pale mwaka 1886, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, na kabla ya moto walitembezwa kwa miguu kutoka Munyonyo. Hija ya Waafrika wa mashariki, walisema ndugu hawa, haikuanza kama matembezi ya kupunga upepo. Ni kufuata njia ya walioteswa. Iweje tuogope masizi?

Hoja ina nguvu, lakini ina tundu. Anayekwenda Namugongo anawafuata watu waliokwisha kuvikwa taji. Anayepita karibu na Donnybrook mwezi mmoja baada ya moto anapita mbele ya mtu aliye hai, aliyesimama kwenye kuta zisizo na paa, ambaye hajaomba kuwa kituo cha njia ya msalaba ya mtu mwingine. Mateso ya jirani hayawi ibada yangu kwa sababu tu nimepiga magoti karibu nayo. Na tuseme ukweli, wapo kati yetu ambao kitu cha kwanza wangefanya pale ni kupiga picha.

Upande wa pili ukasema basi tukwepe. Tuchore njia mpya isiyogusa palipoungua, tubaki kwenye kijani, tusimsumbue mtu. Hili lilionekana la adabu, na kwa muda kidogo kamati nzima ililikubali. Aliyetusimamisha ni katekista wetu, kwa kutaja kuhani na Mlawi kwenye barabara ya Yeriko. Wale hawakumdhuru yule aliyejeruhiwa. Hawakumtukana wala kumwibia. Walichagua tu upande wa pili wa barabara, na bila shaka upande ule ulikuwa na utulivu zaidi. Kuchora ramani ili huzuni ya watu isikuingie machoni nako ni kufanya jambo, hata kama kalamu ni ya penseli.

Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu, na ndipo mama mmoja wa shirika letu aliposema. (Shirika ndivyo wanavyosema ndugu wa Kivu, Watanzania wataelewa tukisema jumuiya ndogondogo.) Yeye ni mama asiyependa vikao. Alisema: “Mimi nilitoka Bukavu kwa miguu mwaka 1996. Tulipita kwenye vijiji vilivyochomwa. Waliobaki walitutazama, sisi tukawatazama, na hakuna aliyekuwa na cha kumpa mwenzake. Mkitaka nipite tena palipoungua nikiwa mikono mitupu, sitakwenda. Nikiwa na kitu mkononi, nitakwenda.” Akafunga kitenge chake vizuri, akanyamaza.

Tumeyafikiria maneno hayo kuliko yote yaliyosemwa na sisi wengine. Mkimbizi na hujaji ukiwaona kwa mbali wanafanana: mzigo mgongoni, miguu yenye malengelenge, usiku wa kulala kwa watu wasiowajua. Lakini mkimbizi hupita kwa sababu hana namna, na hakuna anayemdai zaidi ya shukrani. Hujaji amechagua. Angeweza kubaki nyumbani. Kwa kuwa amechagua, anadaiwa. Sisi, ambao wengi tumekuwa upande ule wa kwanza, ni rahisi kusahau kwamba safari hii tuko upande wa pili.

Kiswahili kina methali mbili ambazo watoto wetu wanaozaliwa hapa Durban wanazijua, ingawa Kizulu chao ni kizuri kuliko Kiswahili. Moja inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunazitumia kama maneno ya furaha na ya utani. Kwenye nchi iliyoungua hazina utani hata kidogo. Kundi la watu 40 likifika kwenye kijiji ambacho matangi ya maji yameyeyuka, wenyeji wa huku watafanya kile ambacho sisi tungefanya: watatoa maji yaliyobaki. Hawatatuuliza kama tuna kiu ya kweli au ya hija. Ukarimu wao utawagharimu, na aibu ya kutukatalia itawagharimu zaidi. Kwa hiyo hatuwezi kusema tutapita kimyakimya bila kumlemea mtu. Tukifika, tayari tumelemea.

Kuna jambo lingine, ambalo tusipolisema litasemwa na wengine. Sisi ni wageni mara mbili. Aprili 2015 baadhi ya familia zinazosoma ukurasa huu zililala kwenye kambi za Isipingo, Chatsworth na Phoenix kwa sababu majirani waliwafukuza. Hakuna anayetaka kulichimba upya Jumapili ya leo. Ila tunapouliza kama ni vizuri kundi la Wakongo, Warundi na Watanzania kupita kwenye vijiji vyenye uchungu tukiwa na bendera na ngoma, tunauliza pia wataona nini. Wapo waliosema hiyo ndiyo sababu ya kutafuta njia zisizo na watu. Tunawaelewa, sisi nasi tuna hofu hiyohiyo. Lakini njia tulivu inayochaguliwa kwa hofu ya wenyeji inatufundisha kila hatua kwamba mwenyeji ni wa kukwepwa. Hatuoni vipi mtu atafika Centocow na moyo huo akasema amehiji. Na kwa vitendo pia, mtu akivunjika mguu kwenye njia isiyo na mtu, atakayemwokoa ni mwenyeji uleule.

Vijana walileta hoja ya fedha: kwa nini tusibaki, tukatuma gharama zote za safari kwa walioungua? Hoja si mpya. Iliwahi kutolewa Bethania kuhusu manukato, na aliyeitoa hakuisema kwa nia njema, ingawa vijana wetu wameisema kwa nia njema. Tuliikubali nusu. Hesabu ya kweli ya hija hii haimo kwenye bajeti ya kamati. Baba anayelinda magari Musgrave au Florida Road hana likizo. Akitembea siku kumi, siku kumi watoto wake wanakula kidogo. Wake na watoto wanaobaki tayari wanailipia safari ambayo hawaiendi. Ukishaliona hilo, wazo la kwamba kutembea ni bure na kutoa ndiyo gharama linaanguka. Lakini fedha zinazotumwa bila uso nazo zina wepesi wake. Hazibishi hodi, hazingoji jibu. Tumetumiwa misaada ya namna hiyo tukiwa kambini, tukaila na kushukuru, lakini tulioweza kuwataja kwa majina ni wale waliokuja.

Ndugu zetu wa Hispania wamekutana na jambo hili hivi karibuni. Agosti 2025 moto mkubwa ulisababisha karibu kilomita 50 za njia ya Santiago, kati ya Astorga na Ponferrada, zifungwe. Katika kipande hichohicho ndipo ulipo msalaba wa chuma ambapo mahujaji huweka jiwe walilolibeba kutoka kwao. Watu waliotembea wiki nyingi walijikuta wanapanda basi. Je, hija yao ilikatika? Sisi tunaona haikukatika. Anayepisha ili gari la zimamoto lipite anatii, na utii wa namna hiyo ni mgumu kwa mtu aliyejivunia miguu yake.

Hapa panahusu hasa wale walioweka nadhiri. Tunajua mko watano au sita, na sababu zenu tunaziheshimu: mtoto aliyepona, karatasi zilizotoka baada ya miaka mingi, kaka aliyepatikana hai. Kanuni ya 1197 ya Sheria za Kanisa za 1983 inasema aliyeweka nadhiri ya binafsi anaweza yeye mwenyewe kuibadili kuwa jambo jema zaidi au jema sawasawa nayo. Kwa maneno mengine, si lazima kila kilomita ibaki kilomita. Siku moja ya kusimika nguzo za uzio kwa mjane inaweza kuchukua nafasi ya siku moja ya kutembea. Mwenye shaka amwone paroko. Asijihukumu peke yake usiku.

Basi tumeamua hivi, ingawa si kwa sauti moja. Hatutatembea kwenda Centocow mwezi Agosti. Badala yake kikundi kidogo, kisichozidi watu 12, kitakwenda kwa gari kabla ya sikukuu na kukaa siku tatu, bila ngoma na bila fulana za hija. Rafiki za Ayubu wanakumbukwa kwa maneno yao mabaya, lakini siku saba za kwanza walikaa naye chini wakinyamaza, na hapo hawakukosea. Tumewaandikia wenyeji kupitia parokia kuuliza kama tunahitajika na kwa kazi gani. Hatukutaja wenyewe cha kuleta. Tunakisia watasema marobota ya nyasi za ng'ombe, nyaya za uzio, labda mabati, lakini kisio letu lisiwe sababu ya mtu kuanza kununua. Wakijibu kwamba tusije, hatutakwenda.

Hija ya miguu yenyewe itakuwa baada ya mvua kushika. Hapa majirani zetu wa Shembe wana jambo la kutufundisha: wao hupanda mlima Nhlangakazi kila Januari, nchi ikiwa kijani na mito imejaa maji, na wamefanya hivyo kwa vizazi. Njia tutaipanga pamoja na kikundi kitakachokuwa kimetangulia, ili tupite kwa watu wanaotujua. Zitakuwemo sehemu za kimya, na zitakuwemo sehemu za kupita katikati ya kijiji.

Mzee mmoja wa kamati hakukubali. Anasema nadhiri yake ni ya tarehe 26 Agosti na ya miguu, na kwamba sisi tumeigeuza hija kuwa mradi. Tulibishana naye kwa heshima, tukashindwa kumgeuza, na sehemu ya maneno yake bado inatusumbua. Siku hiyo yeye atatembea kutoka hapa Berea hadi Mariannhill, kilomita zake 20, akitoka saa kumi na mbili asubuhi kwenye lango la kanisa. Tumemwomba asiende peke yake. Anayetaka kumsindikiza aje na maji, kofia na nakala ya kibali chake.